Wimbo wa Mama

Juzi saluni pale Manundu niliusikia wimbo wa kanisani aliokuwa akiuimba mama. Kwenye televisheni ulikuwa na wacheza shoo, na chini namba ya kuununua uwe mlio wa simu. Niliondoka kabla hawajamaliza kunisuka.

Nilipokuwa mdogo, mchana mmoja kule Mkumbara, mama alikuwa akiuimba akifua nguo za mdogo wangu tuliyemzika jana yake. Uani palinuka sabuni ya mche, naye aliimba taratibu. Mimi nilidhani watu huimba wakifurahi tu.

“Mama, kwani mtoto hukumpenda?”

Hakunigombeza. Alinipa ncha ya shuka dogo tulikamue pamoja.

“Niimbie na wewe, mwanangu. Peke yangu sitafika mwisho.”

Nilinuna, sikuimba. Wimbo ukamkatikia kooni.