Geti Alilolitafuta Baba

Mama yangu hasikii vizuri sikio la kushoto, na treni ya mchana hutokea kushoto. Hilo tu ndilo lililomkosesha baba usingizi kwa miaka.

Sisi ni watu wa Ilala. Baba anauza ndoo na mabeseni Kariakoo, mama anawapikia mtori mafundi wa gereji za ng'ambo ya reli. Kila siku anavuka na hotpoti kichwani, wala hana tabia ya kusimama kusubiri kitu. Mama ana haraka hasa; hata sala huwa anasali huku anamenya ndizi.

Zamani kivuko kilikuwa na geti. Lori likalivunja, na wenye reli, badala ya kulitengeneza, wakasimika kibao: anayevuka avuke kwa hatari yake mwenyewe. Baba alipokisoma alipandwa na hasira ambayo haikushuka tena.

"Treni yao, reli yao," alisema tukiwa mezani, "halafu hatari iwe ya mke wangu?"

"Kula kwanza, baba watoto, mtori unapoa," mama akamjibu.

Baba akaanza kuwafuata ofisini, na koti lake la kanisani katika joto lile la Dar, duka kaniachia mimi. Wenye reli wakamwambia barabara ni ya manispaa. Manispaa wakamwambia treni si yao. Walimpiga danadana mpaka majirani zetu wa Kariakoo wakawa wanamtania, "Mzee, vipi, leo wamekupa behewa?" Yeye anacheka nao, kesho anavaa koti tena. Nilimpenda sana baba yangu kipindi kile.

Mwaka huu geti likaja: mti mrefu wa mistari myekundu na myeupe, kengele, na mlinzi mwenye filimbi. Siku ya kwanza baba alifunga duka, tukaenda kusimama upande wa gereji kama tunapokea mgeni.

Kengele ikalia, mti ukashuka. Na watu wa mji huu unawajua: wakainama, wakapita chini yake. Wanafunzi, wamachinga, hadi mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mlinzi alipuliza filimbi weee, nani amsikilize? Nikamwona baba anawahesabu mmoja mmoja wanaopita. Mara mama huyo, anakuja na hotpoti yake, mwendo ule ule wa haraka.

Alipofika kwenye mti akasimama.

"Mama, pita, bado iko mbali!" mtu mmoja akamwambia. Mama alishusha hotpoti, akaiweka chini, akatulia peke yake mpaka treni ikapita na mti ukanyanyuka. Ndipo akavuka, akamkuta baba analia mbele za watu.

"Sasa unalia nini, baba watoto?"

"Umesubiri," baba akasema.

Mama akampangusa macho kwa ncha ya kanga. "Ningewahi tu kuvuka kabla ya treni. Lakini geti umenitafutia wewe, nitapitaje chini yake?"