Sala Ndefu, Mbio Fupi

Nimeshindana kwenye barafu miaka kumi na minne, nimekuwa bingwa wa jimbo mara tatu, na mama yangu hajawahi kuniona hata siku moja. Simlaumu. Mama ni nesi. Jumamosi za mashindano alikuwa kazini, na zile ambazo hakuwa kazini alikuwa kanisani, na kanisa la Wakenya wa Toronto haliishi mapema.

Alijua ninachofanya, ila alikiita kuteleza. "Wenzako wanasomea famasia, wewe unateleza." Kina mama wa kanisani walipoona picha yangu ndani ya ile nguo ya mbio inayobana mwili mzima, waliuliza kama timu iliishiwa kitambaa. Nilipopata medali ya kwanza wakataka kupiga picha nami, mradi nivae koti.

Mbio zangu ni za mita mia tano, mizunguko minne na nusu ya uwanja juu ya viatu vya makali ya chuma. Hazifiki hata dakika moja. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, umezikosa.

Mwaka huu goti likagoma, daktari akaniambia inatosha. Nikampigia Mama simu: mashindano ni Jumamosi, fainali ni saa nane mchana, na ndizo mbio zangu za mwisho. Nilitaka anione mara moja tu, nikiwa bado na kasi. Nilimwambia mara tatu. Akajibu, "Nimesikia. Tutakuja wote." Hilo "wote" lilipaswa kunishtua.

Walikuja kweli, magari mawili ya watu wa kanisa kutoka mtaa wa Agincourt, na chapati na flaski tatu za chai, wakafika saa nane kasorobo. Kwa watu wetu hiyo ni rekodi kubwa kuliko zangu zote. Wangeingia moja kwa moja wangeniona. Lakini mzee wa kanisa, mtu asiye na haraka na lolote, akasema haifai kuingia kabla ya kuniombea. Wakashikana mikono pale kwenye maegesho, kwenye theluji. Akaanzia kwenye uumbaji. Akapita na wana wa Israeli, hakumruka nabii hata mmoja, akawakumbuka wagonjwa na waliokwama na viza, ndipo akanifikia mimi na miguu yangu. Binamu yangu alirekodi yote. Kwa hiyo nina video nzuri sana ya sala. Ya mbio sina.

Nilishinda. Niliinua macho jukwaani nikaona wazazi wa watu wengine. Iliniuma kuliko goti.

Waliingia wakiimba, mimi nafungua viatu.

"Kwani mmeshamaliza?" Mama akauliza. "Si mngetungoja kidogo?"

Mzee alipoambiwa nimeshinda alipiga makofi, akatangaza kwamba maombi yamejibiwa, akaitazama medali yangu kama mtu anayesubiri fungu lake.

Mama akanikumbatia. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Pole, mwanangu. Next time tutafika mapema."

"Mama, hakuna next time. Nilikwambia."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye baridi. "Usiongee hivyo. Hilo goti nalo tutaliombea."

Nyuma yake, mzee wa kanisa alikuwa ameshavua kofia.