Shikamoo Niliyompa Fundi wa Seva

Sikusoma, na huyu mjukuu anayeniandikia nimemkataza kuongeza au kupunguza neno. Niliyoyaona katika chumba cha seva cha hospitali ninayofagia, huku Hanang, niliyaona mchana, sina homa wala usingizi. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Siku hiyo ukungu wa mlima ulishuka hadi madirishani na umeme ukakatika. Binti yangu Paulina alikuwa anasubiri kupasuliwa, mtoto amekaa vibaya tumboni. Daktari alikataa kumgusa kabla ya kuona faili lake, kwa kuwa katika uzazi uliopita dawa fulani ilikuwa karibu imwue, na jina la dawa hiyo lilikuwa ndani ya mashine tu.

Umeme ukarudi. Seva zikawaka zote kwa pamoja, na faili halikufunguka. Muuguzi, Sista Neema, alizima akawasha mara mbili, ikawa vilevile. Fundi aliyezifunga tulikuwa tumemzika kijijini Maretadu, na fundi mpya alikuwa amekwama kwenye tope. Neema akatoka kwenda kumpigia simu. Nikabaki mimi, mtunza ufunguo.

Ndipo nikaona kijana amesimama kando ya mashine, amenipa mgongo. Hakunisalimu. Mnanijua: asiyenipa shikamoo simvumilii. Nikamwuliza amelelewa na nani. Akageuka. Niaminini, alikuwa yule yule tuliyemzika, na koti lake la kijivu.

"Bibi," akasema taratibu, kama mtu aliyechoka, "mimi nimekutangulia. Sasa mkubwa ni nani?"

Nikaweka ufagio chini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Asubuhi unatoaje ng'ombe zizini?"

Nikamweleza: hutangulia yule mkongwe anayejua njia, akishapita hufuata wengine, ndama mwisho, ukiwaachia wote pamoja hukanyagana mlangoni. Akasema na hizi ni hivyo hivyo, maana ndani ya mashine moja zimo seva nyingi zisizoshikika kwa mkono. Kwanza liwashwe sanduku la kuhifadhia kumbukumbu zote, lingojwe hadi taa yake itulie. Kisha seva inayojua majina ya wenzake. Kisha ile yenye taarifa zote. Ya mafaili ya wagonjwa iwe ya mwisho.

"Sikuandika popote," akasema. "Ndiyo maana sijapumzika."

Neema aliporudi hakuona mtu. Nikamtajia mpangilio, naye akaufuata, nikimshika mkono kila alipotaka kuharakisha. Faili likafunguka. Leo Paulina analima shamba lake huko Gendabi, na mtoto anamfuata nyuma.

Lakini mimi je? Neema aliahidi kuuandika mpangilio ule, akahamishwa kabla hajaandika. Tangu hapo, kila umeme unapokatika, kijana husimama palepale akingoja shikamoo yake, kisha hunitajia upya, neno kwa neno. Nimechoka. Magoti yamekataa ufagio, nami sithubutu kumkabidhi mwingine ufunguo.

Kwa hiyo karatasi hii itabandikwa kesho kwenye mlango wa chumba kile, nione kama atalala. Nawe unayesoma, ikiwa kuna mashine ambayo wewe peke yako unajua namna ya kuiamsha, andika ungali hai. Usipoandika, utakuja kusimama kwenye ukungu, ukimngoja kikongwe asiyejua kusoma.