Macho ya Damas Mpiga Picha

Damas alikuwa aking'oa kope zake mwenyewe. Alijifungia katika chumba cha nyuma cha studio yake pale Miyuji, akashika kioo kidogo na kibanio, akazitafuta zile zilizojikunja kuelekea ndani na kumkwaruza mboni, akazivuta moja moja huku machozi yakimtiririka. Mama yake alifanya vivyo hivyo kijijini, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku alipoacha kwa kuwa alikuwa haoni tena.

Hakumwambia mtu. Mkewe Edina alipomuuliza mbona macho mekundu, alisingizia vumbi, na Dodoma vumbi halikosi la kusingiziwa. Lakini picha zilimsaliti. Kamera zake za mkanda zilitaka mtu akaze lenzi kwa jicho lake mwenyewe mpaka sura iwe wazi, na jicho halikuweza tena. Picha za harusi moja zilitoka zote kama zimepigwa ndani ya moshi. Ndugu wa bibi harusi wakazikataa mbele ya wateja wengine.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo bidhaa za nje zilimiminika nchini, na aliyekuwa na chochote cha kuuza alikiuza ili anunue kipya. Damas akauza kamera zake zote mbili, akaenda Kariakoo, akarudi na kamera ya dijitali. Ilienea kiganjani, lenzi yake ikichomoza kama shingo ya kobe na kukivuta kitu cha mbali mpaka karibu. Zaidi ya yote, ilijikazia yenyewe. Watu wakasema Damas ameendelea. Yeye peke yake alijua kwamba amejitafutia mkongojo.

Mwezi wa tisa akaitwa kwenye mahafali ya chuo cha uuguzi. Kabla shughuli haijaanza, mzee mmoja mwenye koti la suti lililopauka akamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Bartolomayo, natoka Makutupora, kwenye zabibu. Binti yangu Angelina anapokea cheti leo. Sisi wazazi wametuweka nyuma kabisa, kule sioni kitu. Nasikia hicho kidude chako kinavuta."

"Kinavuta, mzee."

"Basi nivutie binti yangu. Utamjua tu, mrefu, mwembamba."

Damas akageuka kuwatazama wahitimu. Aliona weupe mtupu, kama shuka lililoanikwa. Angeweza kusema pale pale, "Mzee, nionyeshe vizuri." Hakusema. Aliona haya.

Wapiga picha waliwekwa nyuma ya kamba, mbali na jukwaa. Damas akavuta lenzi hadi mwisho. Kadiri alivyovuta ndivyo picha ilivyotetemeka kwenye kioo cha nyuma, na jua nalo lilikifuta kioo hicho mpaka akalazimika kukisogeza karibu na pua. Akaamua kutegemea masikio. Lakini upepo ulikuwa ukikivamia kipaza sauti, majina yakikatika katikati. Akasikia "Ange...", akabonyeza. Kamera ile ilikuwa na tabia ya kusita kidogo kabla ya kunasa. Vigelegele vikapanda. Akabonyeza tena, na tena. Alipotazama, msichana mrefu alikuwa pale, sura yake wazi kabisa. Akashusha pumzi.

Sherehe ilipokwisha, mzee Bartolomayo alikuja akitabasamu. Akaipokea kamera kwa mikono miwili, akaiweka mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Si Angelina?"

"Huyu simjui mimi."

Damas akaichukua kamera. Akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma. Bega la mtu. Mkono wa mgeni rasmi. Kofia nyeupe isiyo na uso. Gari la mgeni rasmi lilikwishaondoka, na vijana walikuwa wakikunja turubai.

Mzee hakufoka. "Mama yake amebaki nyumbani, mguu unamsumbua," alisema taratibu. "Nilimwahidi."

Afadhali angetukana. Damas akatafuta uongo, upepo, kamba, umati, na jicho likamchoma akalisugua kwa nguvu. Wakati huo msichana mrefu mwenye sare alikuwa amefika na kusimama kando ya baba yake.

"Shikamoo, baba," alimwambia Damas. "Usilisugue hilo jicho. Hebu nione."

"Vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi haligeuzi kope." Angelina alikuwa ameshaushika ukope kwa kidole. "Unazing'oa, eeh?"

Damas akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. "Ni macho ya ukoo. Mama yangu alipofuka hivi hivi."

"Alipasuliwa kope?"

"Hapana. Aling'oa."

"Basi usifuate njia yake. Ni ugonjwa wa vikope, baba, si laana ya ukoo. Ukizing'oa zinarudi ngumu zaidi. Upasuaji wake ni mdogo, unalala kwako siku hiyo hiyo. Ila usikawie."

Kisha akamgeukia mzazi wake, akamkabidhi cheti. "Haya, nipe wewe, kama mgeni rasmi."

Mzee Bartolomayo akafunga vifungo vya koti, akakishika cheti kwa mikono miwili, akamnyooshea mwanawe. Damas akarudisha lenzi yote ndani. Akasogea mpaka akaziona nyuso zote mbili kwa macho yake, ndipo akapiga.

Nyumbani alimweleza Edina yote. "Mficha maradhi..." Edina akaanza, wala hakumalizia. Kulipokucha alivaa viatu kabla ya mumewe.

Pale hospitali, kwenye benchi la wagonjwa wa macho, Damas aliinuka mara nyingi akitaka kuondoka, na kila mara Edina alimshika pindo la shati. Alirudi nyumbani amefungwa bandeji, usiku mzima akimwona mawazoni mama yake akipapasa ukuta.

Kope zilinyooka. Jicho la kushoto lilitulia. La kulia lilibaki na wingu, na daktari alimwambia kweli, hilo halitaondoka. Kazi anaendelea nayo. Harusini Edina husimama ubavuni mwake na kumnong'oneza, "Wanaingia, upande wa kushoto."

Lakini kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, huziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, akitazama kama mlango bado unaonekana.