Ile Sauti ya Pili

Nimeshaapa. Akija tena mtu hapa kwangu Kimara, akanywa chai yangu, halafu ule muziki ukalia redioni na yeye akatikisa kichwa na kusema mashine za zamani zilikuwa mashine kwelikweli, nitamtoa nje na kikombe chake mkononi. Mwezi uliopita alikuwa mkwe wangu. Nilinyamaza kwa sababu ni mkwe. Lakini chai ilinishinda, nikaenda kukaa uani peke yangu, na mke wangu alijua kilichonipata maana hata hakunifuata.

Mashine! Hakukuwa na mashine pale. Nilikuwa mie.

Baba yangu alikuwa seremala, Keko. Alikuja Dar kutoka kusini na msumeno mmoja, akasimamisha kibanda kando ya barabara, na humo ndimo tulimotengeneza vitanda, viti na makabati. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliacha hata siku moja: kila kitu alichokimaliza alikipindua, akachoma chini yake mistari mitatu mifupi kwa msumari uliotiwa moto. Mteja alikuwa hata haioni. Nilipomuuliza ya nini, alinijibu, "Si ya mteja, ni yangu. Kiti kikivunjika nijue nimekosea mie. Kikidumu nijue vilevile." Siku nilipotengeneza kiti cha kwanza bila kusimamiwa, alinipa alama yangu mwenyewe, nukta mbili.

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, jirani na kibanda chetu palikuwa na hoteli ya chai yenye gramafoni. Mwenye hoteli alikuwa na santuri za kila namna, na mojawapo ilikuwa ya gitaa tupu, Wazungu wanapiga bila mwimbaji. Sijui nieleze vipi. Gitaa la mbele lilipiga noti moja, na noti ileile ikajibu nyuma yake, ndogo zaidi, kisha ikajibu tena ndogo kuliko hiyo, kama mtu anayeita kisimani. Mie nilisimama na mbao begani mpaka santuri ikaisha, na baba akawa ananiita kwa hasira upande wa pili.

Nikajiambia yule Mzungu ana mkono wa ajabu. Anapiga mara mbili, mara tatu, kila mara anapunguza nguvu, na bado anaiwahi noti inayofuata! Haikunipitia akilini kabisa kwamba kuna kifaa. Nani angeniambia? Mwenye hoteli mwenyewe, kwa uso mkavu, alinieleza kwamba Wazungu wale wamechanjwa vidole.

Basi nikaamua nitaweza bila chanjo. Nilichonga gitaa kwa mabaki ya mninga wa makabati. Baba aliliona, akaguna, akasema huo ni uhuni. Halafu siku moja nikakuta shingo ya gitaa, iliyokuwa imenishinda kunyoosha, imepigwa randa vizuri kabisa. Hakusema kitu, na mie sikuuliza.

Nilijifunza kwa miaka miwili na zaidi. Noti ya kwanza niliipiga kwa kipande cha chanuo kilichovunjika. Ya pili niliipiga kwa nyama ya kidole cha kati, bila kucha. Ya tatu niliigusa tu kwa kidole cha pete huku kiganja kikiwa kimelalia nyuzi. Vidole vilitoka malengelenge, yakapasuka, zikaota sugu. Kila mapumziko ya mchana nilikuwa nakaa juu ya gogo nyuma ya kibanda, na baba alikuwaga anagonga ukuta kwa nyundo nikizidisha. Lakini ilikuja. Siku ilipokuja barabara, watu waliokuwa wanakunywa chai hotelini walitoka nje wakachungulia nyuma yangu, wakitafuta gitaa la pili liko wapi. Mwenzangu, nilivimba kichwa! Na kwa nini nisivimbe?

Wakati huo Ujamaa ulikuwa umeshaingia, na mashirika ya umma yakawa na bendi zake. Mpiga muziki alikuwa mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, mwenye kitambulisho na likizo. Shirika moja lilikuwa na bendi ya maana na lilikuwa linatafuta mpiga gitaa. Nikamwambia baba nataka kwenda kujaribiwa. Akaweka randa chini.

"Sikiliza," akasema. "Siku redio ikikutaja jina lako, mie mwenyewe nitakuchongea sanduku la hilo gitaa, la mninga, nichome na alama yangu. Isipokutaja, utalitundika na utashika randa mpaka nitakapokufa. Sitaki nusu nusu."

Nilikubali mbio mbio. Nilikuwa naliona lile sanduku kama limeshamalizika.

Nikaenda kwenye ukumbi wa bendi, nikapiga. Walinyamaza wote, na kiongozi wa bendi, mtu mnene mwenye miwani, akasogeza kiti karibu. Ndipo mpiga solo wao akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Aliponyanyuka akaondoa kitambaa juu ya kitu fulani, kijisanduku cha chuma chenye utepe mdogo kama wa kaseti uliokuwa unazunguka, unazunguka tu. Akachomeka gitaa lake, akapiga noti moja, akainua mikono yote miwili juu. Noti ikajibu yenyewe mara nne.

"Kaka," akaniambia, machozi ya kicheko yakimtoka, "kwani ulidhani yule Mzungu ana vidole vingapi?"

Walicheka ukumbi mzima. Mie nilitamani ardhi ipasuke. Miaka miwili ya malengelenge, na kumbe ni kifaa cha kuwasha na kuzima! Waliiita eko. Kiongozi, labda kwa kunionea huruma, akaniuliza kama si mie yule kijana wa fundi wa Keko, maana eko yao inatikisika jukwaani na wanahitaji kasha la mbao. Nami, bila haya, nikakubali. Nililichonga kwa mninga, viungo vya kuumana bila msumari hata mmoja, na chini yake nikachoma nukta zangu mbili. Baba alilikagua pande zote, akasema, "Hili limekaa." Hakuniuliza yaliyonipata ukumbini.

Nilirudi kwenye vitanda na makabati, lakini gitaa sikulitundika. Redio ilikuwa haijasema ndiyo wala hapana.

Kisha eko ikafa. Utepe wake ulilika ukakatika, wakaunga kwa gundi, ukakatika tena. Utepe mwingine ulitakiwa utoke ng'ambo, na fedha za kigeni hazikuwepo, na barua ya kuziomba ikawa inatembea ofisi hadi ofisi. Wakati huohuo redio ilikuwa imeshawapangia siku ya kurekodi. Walikuwa wamechagua kibao cha gitaa tupu, kwa ujanja wa kiongozi: kamati ya kukagua maneno ya nyimbo haiwezi kukataa wimbo usio na maneno. Kibao chenyewe bila mwangwi kilikuwa kikavu kama mhogo uliolala.

Kiongozi alikuja kibandani mwenyewe. "Shikamoo, mzee," akamwambia baba. Baba akaitikia marahaba na kuendelea kupiga randa. Mie nikavutwa pembeni.

"Wewe ndiye eko yetu sasa," akaninong'oneza. "Solo anapiga noti, wewe unajibu. Uliweza peke yako, utashindwa nyuma yake?"

"Kwa nini nisipige yote mie?"

"Fomu ya redio imeshajazwa. Solo ni yeye."

"Basi niandikeni na mie."

Akavua miwani, akaifuta. Fomu, alisema, ina mstari wa solo, wa ridhimu, wa besi, wa ngoma. Mwangwi hauna mstari. Lakini akaapa, mbele yangu, kwamba atamwambia mtangazaji kwa mdomo wake mwenyewe, na jina langu litasomwa. Nilimwamini. Hapana, nisijidanganye: nilitaka kumwamini.

Studio ilikuwa chumba kimoja na kipaza sauti kimoja katikati. Solo alisimama karibu nacho, kifua mbele. Mie niliwekwa pembeni kabisa nikitazama ukuta, na fundi mitambo akaja na blanketi la kijivu, akaifunika spika waliyonichomekea gitaa. Tukajaribu mara ya kwanza. Fundi akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe wa pembeni, bado unasikika kama mtu. Usisikike kama mtu!"

Akaongeza blanketi la pili. Tatizo lilikuwa solo mwenyewe, alikuwa anakimbia. Akiona sehemu anayoipenda anaharakisha. Na mie nilitakiwa nimfuate kwa umbali uleule bila kumwona uso. Niligeuza shingo mpaka ikauma, nikawa natazama kisigino cha kiatu chake. Kikinyanyuka, najua noti inakuja. Noti kwa noti, mwanzo mpaka mwisho, kwa nyama ya kidole, laini kuliko ya kwanza lakini isipotee. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani mwangu, si kwa mbao wala kwa nyuzi. Tulipomaliza fundi alipiga makofi.

"Safi! Hapo hakuna mtu kabisa, ni mashine tupu!"

Na mie mjinga nikacheka meno nje.

Ilipigwa hewani Jumamosi moja mchana. Baba alisimamisha kazi, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mvua. Redio tuliiweka juu ya kabati lisilopakwa vanishi, na mafundi wa vibanda vya jirani wakaja, maana nilikuwa nimemwambia kila mtu. Muziki ukaanza. Lo, ulikuwa mzuri! Gitaa likaita na gitaa likajibu. Ulipokwisha, mtangazaji akasoma: bendi fulani ya shirika fulani, kiongozi fulani, solo fulani, besi, ridhimu, ngoma, wote kwa majina na majina ya baba zao. Kisha akamalizia kwa sauti ya fahari, "wakisaidiwa na mashine ya kisasa ya mwangwi."

Fundi mmoja wa jirani akaniuliza, "Sasa wewe umo wapi humo, au umejificha kwenye betri?" Wakacheka, wakaondoka mmoja mmoja. Tukabaki wawili. Baba alizima redio.

"Nimekusikia," akasema.

"Umenisikia wapi, baba?"

"Ile sauti ya pili. Mkono wako naujua. Miaka yote unanipigia makelele hapa nyuma, nitaacha kuujua?"

Wallahi, kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Temeke nzima. Nikataka kumshika mkono. Nikamweleza kila kitu kwa haraka, fomu, ukuta, kisigino, blanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walipokufunika blanketi la pili, ulifanya nini?"

"Nilipiga."

"Ulipiga," akasema. "Kiti changu hakijawahi kuingia nyumba ya mtu na alama ya fundi mwingine. Hawajakuibia hao. Umewapa."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba yote nimefanya kwa ajili ya maneno yake mwenyewe, na sanduku lake. Hakunisubiri.

"Tulikubaliana nini?" akauliza.

"Redio initaje."

"Imekutaja?"

"Haikunitaja."

Akaichukua randa, akanielekezea mpini. Nikaipokea.

Jumatatu nilikwenda kumkamata kiongozi. Hata hakuona haya. Alifunga mlango kwanza, halafu akasema, "Ningewaambiaje, kwamba mashine ya shirika imekufa mikononi mwetu? Unataka niitwe mhujumu wa mali ya umma?" Akaniambia nishukuru nimesikika nchi nzima. Kwa muda mrefu nilimchukia yule mtu kwa roho yangu yote, na solo nilimchukia zaidi, hasa nilipomsikia miaka mingi baadaye akihojiwa na kusema ah, ile eko yetu, ilikuwa mashine ya pekee, hakukuwa na nyingine kama ile mjini. Alijua. Kisigino chake kilijua.

Gitaa nililitundika kwenye dari ya kibanda. Mninga hauliwi na mchwa, kwa hiyo liko mpaka leo, nyuzi ndizo zimeliwa na kutu. Nilishika randa, nikafunga ndoa, nikajenga hapa Kimara kwa vitanda na makabati. Silalamikii hilo. Kazi ya mbao imenilisha.

Ila redio ilikipenda kile kibao. Wakakifanya cha kufungulia kipindi cha wafanyakazi, kila siku ya kazi, saa saba kamili. Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa saba kamili, gitaa likaita, nami nikajibu, humohumo kibandani, mbele ya baba yangu. Na kila siku baba aliacha alichokuwa anafanya, hata kama mikono imejaa gundi, akaenda akaizima redio. Alisimama pale na mkono wake juu ya kitufe, akahesabu mpaka muziki uwe umekwisha, kisha akaiwasha tena tukasikiliza kipindi. Alifanya hivyo miaka yote mpaka alipokufa, na siku zote mie nilikuwa nimeinamia ubao, sikuinua kichwa, sikumuuliza. Pengine alikuwa anawazima wao. Pengine alikuwa ananizima mie.