Ukurasa Nilioandika Mwenyewe Nusura Uninyime Mke

Wenzangu, kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mkitaka kucheka, chekeni tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kericho. Ofisi moja ya ushirika wa wakulima wa chai, upande wa Kedowa, iliniita niwawekee seva ya proksi, yaani kompyuta inayokaa katikati: kila karani akitaka kuingia mtandaoni, lazima apitie hapo. Kazi ilienda vizuri. Shida ilikuwa moja. Mtu akiandika anwani ya tovuti isiyokuwepo, seva ilimletea ukurasa mrefu wa Kiingereza, naye ananipigia simu kuuliza ameharibu nini.

Meneja akaniomba niweke maneno mafupi ya Kiswahili, ya adabu. Ya adabu! Mimi na ujuaji wangu nikaandika: "Hakuna kitu kama hiki duniani. Aliyekupa anwani hii ni mwongo. Rudi kazini."

Makarani walicheka hadi machozi. Nikajiona bingwa.

Baadaye nikapata mchumba, Chela, msichana wa Kipkelion anayenizidi akili. Wazee wetu wakaenda kwao kwa koito, kile kikao chetu Wakipsigis cha kuomba msichana. Ukoo ukaulizwa, ukakubalika. Ikafika kwa kazi. Baba yangu mdogo, kwa kujigamba, akasema kijana ana kampuni, iko hadi mtandaoni, na akawaachia kadi yangu yenye anwani ya tovuti. Mjomba wa Chela akaitia mfukoni.

Jamani! Usajili wa tovuti yangu ulikuwa umekwisha muda, nami nilijua nikapuuza. Nisichojua ni kwamba yule mjomba alikuwa karani katika ofisi ileile ya Kedowa. Aliajiriwa huko baada ya mimi kumaliza kazi yangu.

Kikao cha pili, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, imeshamiminwa, mjomba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika anwani yangu kwenye kompyuta ya ofisi, seva ikamletea ule ukurasa wangu, naye akauchapisha. Akausoma polepole, kama anayesoma somo kanisani. Mama yake Chela akaanza kukusanya vikombe, na mursik hata haijaisha. Mke alikuwa anaondoka hivihivi.

"Kijana," mjomba akasema, "hii kompyuta ya ofisi haikujui, na haina chuki na wewe. Anwani ni yako. Mbona inasema wewe ni mwongo?"

Ningeweza kuisingizia mitambo, na hakuna ambaye angejua. Lakini Chela alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni akinitazama.

"Si kompyuta imesema, mzee. Hiyo maneno ni mimi niliandika."

Akaikunja karatasi. "Kwa hivyo wewe mwenyewe ndio umeandika ya kwamba wewe ni mwongo?"

"Ndio, mzee."

Aliyecheka kwanza ni nyanya yake Chela, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, na wazee wote wakamfuata. Mjomba hakucheka. Alisema koito itaendelea siku maneno yale yatakapotoka, na yeye mwenyewe atayakagua.

Meneja alikuwa likizo na ufunguo wa chumba cha seva. Wiki tatu! Chela hakushika simu yangu hata moja. Nilikonda, mama yangu akadhani ni malaria.

Siku hizi ukurasa unasema: "Pole sana. Anwani hii haijapatikana. Pengine imekosewa, au muda wake umekwisha. Jaribu tena." Hiyo "pole sana" aliiongeza mjomba.

Chela sasa ni mke wangu, asante Mungu. Lakini ninyi mnaoandika maneno ya kumpokea mtu aliyekwama, mwandikieni kwa upole, maana hamjui ni mkwe gani atayasoma.

Na msidhani yaliisha. Siku ya harusi mjomba alituletea zawadi: ile karatasi yake, ndani ya fremu. Iko sebuleni. Nikichelewa kurudi nyumbani na visingizio vyangu, Chela hagombani nami. Ananyoosha kidole ukutani na kuniambia nisome.