Mtakatifu Radulfu, Mlinzi wa Msitu Aliyebeba Kuni

"Mlinzi wa msitu hawezi kuwa somo wetu," Florida alikuwa akisisitiza, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Jumuiya yetu, yenye familia za wakimbizi waliohamia miji ya Louisville, Columbus na Buffalo huko Marekani, ilikuwa kwenye simu ikichagua mtakatifu ambaye itaitwa kwa jina lake. Jean Bosco wa Columbus alimtania kwamba Radulfu alikufa karne nyingi zilizopita, si yeye aliyempiga.

"Ndugu zake wa kazi walinipiga," Florida akajibu. "Kule kambini. Kwa sababu ya mzigo wa kuni."

Angelika, mjane anayeishi mtaa wa Black Rock huko Buffalo, karibu na nyumba ya Florida, alisikiliza akiwa amevaa koti ndani ya nyumba, maana mashine yake ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa. Ikabidi maisha ya Radulfu yasomwe yote.

Alizaliwa Normandia, katika Ufaransa ya leo, mwaka 1109, katika ukoo wa kikabaila, akabatizwa Radulfu. Wanormani ndio waliotawala Uingereza wakati huo, na mfalme alimpa cheo cha kusimamia misitu yake, ambamo maskini hakuruhusiwa kukata hata tawi. Radulfu hakuwa mpole. Alifunga watu gerezani. Katika baridi kali ya mwaka 1141 alimfunga mjane kwa sababu ya mzigo mmoja wa kuni, na asubuhi alipopita nyumbani kwa mama huyo alimkuta mtoto amekufa kando ya majivu yaliyopoa. Hapo Mungu alimwita, naye akaitika. Alimfungulia mjane, akapiga magoti kumwomba msamaha, akaufungua msitu kwa wote. Mfalme alipomtaka ajieleze, alisema: "Mti wako utachipua tena, bwana wangu. Mtoto hachipui." Alivuliwa cheo, akanyang'anywa ardhi. Tangu hapo alikata kuni katika shamba la watawa na kuwapelekea wajane, hadi alipofariki mwaka 1163. Waamini husimulia kwamba mzigo wake wa mwisho uliwaka majira yote ya baridi bila kwisha.

Florida aliuliza kama alibeba mwenyewe au alituma watumishi. Akajibiwa kwamba alibeba mwenyewe, mgongoni.

"Mgongoni," akasema. "Kichwani kama sisi asingeweza. Basi, awe somo wetu."

Radulfu haheshimiwi kwa mshumaa peke yake. Florida alichomoa hita ya chumbani kwake, akaipakia garini. Sala ya kufunga kikao aliiitikia kwa simu akiwa mlangoni kwa Angelika, waya wa hita mkononi.